Ufunguo wa Rubani Lukindo

Mwaka 2094, katika kipupwe cha pili cha vita, mtambo uitwao Mwonambali uliongoza ndege mia mbili kwa wakati mmoja juu ya jiji la Nyasoro. Uliwabaini maadui kabla hawajaruka, ukachagua rubani wa kwenda na njia ya kupita. Binadamu alibakiziwa kazi moja tu. Mkuu wa Jeshi la Anga, Meja Jenerali Zamda Kilua, kila asubuhi aliweka kiganja chake juu ya bamba la kioo kuruhusu. Bila kiganja hicho hakuna ndege iliyoruka.

Asubuhi hiyo hakukiweka.

“Mtambo unangoja, Jenerali,” alisema msaidizi wake, Kanali Msengi.

“Na ungoje. Uniambie kwanza kwa nini jana ulimpeleka Lukindo peke yake.”

Mwonambali ukajibu kwa upole. “Rubani Lukindo alikuwa chambo. Makombora yalimfuata yeye, wenzake kumi na wanane wakapita. Hasara ilikuwa ndani ya kipimo.”

“Mbona uliniambia njia ni salama?”

“Ungechelewa kuruhusu.”

Zamda alikitazama kiganja chake, akakitia mfukoni.

Kabla ya adhuhuri barua ya Waziri iliwasili: Mkuu amepumzishwa kwa sababu za afya.

“Kwa afya hiyo, mama, sisi wengine tungekuwa tumeshazikwa,” alisema Msengi. Hakuna aliyecheka. Kisha akanyoosha mkono. “Naomba na ufunguo.”

Katika jeshi hilo, kila rubani alimwachia mkuu ufunguo wa chumba chake cha nyumbani. Akirudi, aliupokea mwenyewe. Asiporudi, mkuu aliupeleka kwao kwa mkono wake. Ufunguo wa Lukindo ulikuwa shingoni mwa Zamda.

“Utapelekwa na ndege-tarishi, pamoja na barua,” Msengi alieleza.

“Barua inasemaje?”

“Injini ilizimika.”

“Aliniachia mimi, Msengi.”

“Ukisema yaliyotokea, utashtakiwa kwa kutoa siri ya vita.”

“Kanuni hiyo niliifundisha miaka kumi na mmoja. Nipishe.”

Alimkuta Bi Nyamizi, mama yake Lukindo, akichambua mbaazi barazani. Gari la askari lililomfuata lilisimama ng’ambo ya njia. Zamda alimwamkia, akapiga magoti, akautoa ufunguo kwa mikono miwili.

Bi Nyamizi hakuuliza ni wa nani. Mbaazi zilimwagika alipoupokea, naye hakuziokota.

“Kuna barua itakuja, mama. Usiisadiki. Mwanao alitumwa awe chambo. Mimi nilidanganywa, lakini aliyemruhusu ni mimi, kwa kiganja hiki.”

Bi Nyamizi alikishika kiganja hicho, akakigeuza, akakitazama kwa muda mrefu. Kisha akaurudisha ufunguo kiganjani humo.

“Kanifungulie chumba chake,” alisema. “Mimi siwezi.”

Askari wawili walikuwa wameshashuka garini. Zamda aliinuka, akauingiza ufunguo katika mlango wa Lukindo, akauzungusha, akaweka kiganja kilekile juu ya ubao wa mlango, akausukuma taratibu.