Baharia Asiyechoka

Walikutana katika duka la vifaa vya umeme siku ya punguzo la bei, duka limejaa pomoni. Msusi alikuja kununua mashine ya kukaushia nywele. Alivaa gauni la kijani na viatu vya chini, maana kazi ya kusimama ilikuwa imemvimbisha miguu. Mbele yake kijana mmoja, shati lake limepigwa pasi upande mmoja tu, alikuwa akimweleza muuzaji habari za nyambizi ambazo muuzaji hakuziuliza. Msusi akacheka, na kwa kicheko hicho akajinunulia mkosi wa mwaka mzima.

Wakawa wapenzi, naye akambandika kijana huyo jina la Kapteni. Kapteni alikuwa akitengeneza mchezo wa kompyuta kuhusu nyambizi. Ndani yake mabaharia wa kuchora walikagua na kusafisha torpedo, yale makombora ya chini ya maji. Wakichoka, mkono huteleza, na kombora hukataa kutoka. Aliwahurumia kuliko mama mzazi: baharia akipiga miayo tu, alipelekwa kitandani. Msusi akifika jioni, hoi kwa kusuka vichwa vya watu, aliambiwa, "Laazizi, nijaribishie chumba cha torpedo kidogo." Kidogo hicho hakikuwa na mwisho, na kikiisha, vyombo vichafu vilimsubiri yeye yule yule.

Mama yake alimkumbusha kwamba mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Msusi akajibu kwamba ya Kapteni yalikuwa yamefichika vizuri sana. Hata hivyo alimpenda, mjinga yule, na aliposikia anaandaliwa zawadi, moyo ulimwambia ni pete.

Siku yenyewe akavaa nguo nyekundu, akajitia manukato. Kapteni akawasha kompyuta. Katika chumba cha torpedo palikuwa na baharia mpya, mwenye sura ya msusi na misuko yake, anafuta kombora. Juu ya kila baharia palikuwa na mstari wa kupimia uchovu. Juu ya huyo mpya hapakuwa na kitu.

"Ni wewe, mpenzi," Kapteni akasema, amejaa furaha. "Wengine wanachoka. Wewe nimekuondolea uchovu kabisa. Hulali, huli, hulalamiki."

"Na nikitaka kukaa?"

"Ukae ya nini? Hata kitanda sikukuwekea."

Msusi akachukua mkoba wake akatoka. Bwana mkubwa akadhani ameenda kupokea simu.

Siku zikapita. Kapteni aliwaambia rafiki zake kwamba wanawake hawajui kushukuru, mpaka upweke na vyombo vichafu vilipomzidi nguvu. Ndipo akampigia simu saluni.

"Nisamehe, mpenzi. Nimekurekebisha. Sasa unachoka kama wenzako, na kitanda unacho. Nyambizi imepungua nguvu kidogo, lakini basi, nitavumilia. Rudi nikuvishe pete."

Neno hilo la pete msusi alikuwa amelingojea mwaka mzima. Lilimchoma, kwa kuwa hata leo lilikuja na malalamiko ya nyambizi.

"Huyo baharia wako," akauliza taratibu, "akichoka sasa, anafanyaje?"

"Anaacha kazi," akasema Kapteni, kwa fahari ya fundi. "Hata nimwamuru vipi, hanisikii tena."

"Basi hapo umenichora sawasawa."

Akakata simu, akalia kidogo, kisha akamalizia nywele za mteja.