Nywele Zilizoloweshwa Bombani

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa na meza kupanguswa, familia ile ilikaa kupanga safari ya baharini. Baba alikuwa dereva wa lori, na safari aliipanga kama anavyopanga mzigo: kizito chini, chepesi juu, na hakuna kinachoondoka bila kujaribiwa kwanza nyumbani. Mwavuli ulifunguliwa na kufungwa sebuleni mpaka ukachoka. Mkeka ulitandikwa uani ili ijulikane nani atakaa wapi. Mama, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa anashona kaptura nyekundu ya kuogelea, ili mvaaji wake aonekane hata kwa mbali.

Mvaaji mwenyewe alikuwa Kibonge, kitinda mimba wa nyumba ile. Alikuwa na miaka mitatu, mnene, mbishi, na woga hakuujua hata kwa kuusikia. Akiona beseni la maji anatumbukiza kichwa. Mama alisema wazi kwamba safari haina maana kama hakuna wa kuingia naye majini, maana yeye mwenyewe maji yakimfika magotini hupata kizunguzungu. Baba alikohoa, akasema yeye atalinda mizigo. Basi wote wawili wakamgeukia binti yao mkubwa wa darasa la sita, ambaye shule ilikuwa inampeleka na wenzake bwawani kila Jumamosi kujifunza kuogelea.

"Umeshajua?" Mama akamwuliza.

"Nimeshajua," akajibu.

Neno lilimtoka kabla hajalifikiria. Baba alifurahi kupita kiasi, akambatiza jina la Nahodha palepale.

Ukweli ulikuwa mwingine kabisa. Jumamosi ya kwanza maji yalimwingia puani, kifua kikambana, akadhani ndiyo mwisho wake. Tangu siku hiyo alimwambia mwalimu kwamba tumbo linamsumbua, akawa anakaa ukutani kuwatazama wenzake. Kabla ya kurudi nyumbani alipitia bombani, akalowesha nywele na nguo ya kuogelea. Mama aliianika ile nguo kila wiki bila kushuku lolote.

Nahodha alidhani uongo ukishausema umemalizana nao. Kumbe wake ndiyo kwanza ulikuwa unanenepa. Baba alianzisha zoezi. Kibonge alisimamishwa juu ya stuli, akaambiwa akimwona dada yake mbele akunje magoti na kuruka. Nahodha akamdaka. Kutoka kwenye stuli wakahamia kwenye kiti, kutoka kwenye kiti wakahamia mezani.

"Majini usiogope kitu," Baba alimwambia mtoto. "Dada yupo."

Kibonge alijifunza upesi mno. Akaanza kuruka bila kuitwa. Nahodha akiinama kufunga kamba za viatu, anasikia kishindo mgongoni na kicheko sikioni. Kila alipomdaka alijua anamfundisha mdogo wake kumwamini mtu ambaye majini hatamsaidia kitu. Siku moja akimwogesha, Kibonge alimwuliza kama bahari ni kubwa kuliko beseni. Alipojibiwa kwamba ni kubwa sana, alipiga makofi. Nahodha alijisikia vibaya, akamkausha haraka.

Mara kadhaa alikwenda kwenye cherehani ya Mama akiwa amekusudia kusema. Akifungua mdomo, Mama anainua ile kaptura na kumwuliza anaionaje. Anasema inapendeza, anaondoka.

Likabaki jaribio la mwisho. Shangazi, dada yake Baba, alikuwa msafishaji katika nyumba ya wageni yenye bwawa, akawaombea ruhusa asubuhi moja ambayo wageni hawakuwepo. Mawingu yalikuwa mazito na maji yametulia tuli. Nahodha alitafuta sakafu ya bwawa kwa macho, hakuiona. Baba, ambaye mambo ya kina cha maji hakuyajua, alikuwa amewapeleka upande wa maji mengi.

"Nahodha, tangulia," alisema.

Nahodha alishuka ngazi ya chuma, kidato kwa kidato, ameshika vyuma kwa mikono miwili. Maji yalimfika kiunoni, kisha kifuani. Alinyoosha mguu kutafuta pa kukanyaga. Hapakuwa na kitu.

Alipoinua macho alimwona Kibonge juu yake. Alikuwa amemponyoka Mama, yuko ukingoni na kaptura yake nyekundu, anatabasamu. Akakunja magoti.

Mikono ya Nahodha iligoma kuachia vile vyuma.

"Baba, mshike! Sijui kuogelea!"

Baba alimdaka kwa mpira wa kaptura miguu ikiwa imeshaacha ukingo. Mshono ulilia, lakini haukuachia. Kibonge akaning'inia juu ya maji akirusha mateke, anacheka, anadhani huo nao ni mchezo.

Nahodha alipanda ngazi akatoka majini, wote wakakaa chini. Mama alimkumbatia Kibonge kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika. Nahodha alisema yote, ya ukutani na ya bombani, huku analia. Alipomaliza alingoja kugombezwa.

Mama hakumgombeza. Alimgeukia mumewe, akamwuliza kama mtoto angetumbukia, yeye angemtoaje. Shangazi naye alimkazia macho kaka yake.

"Mimi pia sijui kuogelea," Baba alisema akiangalia viatu vyake. "Niliona aibu kuwaambia."

Jioni ile mpango ulianza upya. Wataenda ufuo wenye waokoaji. Kibonge hatapita pale maji yanapofika kwenye vifundo vya miguu, tena ameshikwa mkono na mtu mzima. Nahodha atamweleza mwalimu ukweli na kuanza upande wa maji machache, na Baba akaahidi kwenda kuomba naye afundishwe.

"Mwanangu," Mama alisema, "kuogopa maji si kosa. Anaogopa hata huyu baba yako mwenye lori. Kosa ni kunyamaza wakati sisi tunaweka uhai wa mtoto mikononi mwako. Ungesema hujui, tungebadilisha mpango, basi. Safari tunaweza kuiahirisha hata mara kumi. Kibonge tunaye huyu mmoja."

Nahodha aliitikia kwa kichwa. Nyuma yake alisikia stuli ikiburutwa. Alipogeuka, Kibonge alikuwa ameshapanda, amekunja magoti.

"Shuka," alimwambia, akamshika mkono. "Majini sijui kukudaka. Siku nitakayojua, wewe ndiye nitakayekuambia kwanza."

Kibonge akanuna, kisha akashuka.