Skrini Iliyogeuka Manjano

Kila asubuhi kabla ya kengele ya kwanza, wanafunzi wawili wa zamu walibeba skrini za kompyuta kutoka stoo ya mwalimu mkuu hadi chumba cha kompyuta, na kila jioni walizirudisha. Dirisha la chumba kile halikuwa na nondo, na kitasa cha mlango kilikuwa kimezeeka, hata mtu akikohoa karibu nacho kinafunguka. Makasha mazito ya kompyuta yalilala humo humo, yamefungwa minyororo kwenye miguu ya meza kama mbuzi wakorofi. Skrini ndizo zilizosafiri.

Kwa hiyo nyaya za skrini zilichomolewa na kuchomekwa kila siku. Mwalimu wa kompyuta alikuwa ameandika amri pembeni mwa ubao, mahali ambapo hakuna aliyeruhusiwa kufuta: "Tazama, geuza, ingiza, kaza." Plagi ya waya ule ilikuwa na umbo lake, upande mmoja mpana na upande wa pili mwembamba, na ndani yake zilipangwa pini nyembamba kama sindano. Ukiielekeza sawasawa inaingia kwa upole, kisha unakaza skrubu zake mbili kwa vidole. Ukiigeuza juu chini, inakataa.

Muhula ule zamu ilikuwa ya Injinia na Kobe.

Injinia alikuwa msichana wa darasa la sita, mwepesi wa mkono na mwepesi zaidi wa ulimi. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu shangazi yake alikuwa fundi wa kompyuta, na likizo zote yeye alishinda katika karakana ya shangazi, akishika tochi na kupanga skrubu kwenye vifuniko vya chupa. Alijua mengi, hilo halina ubishi. Taabu ni kwamba alijua pia kuwa anajua.

Kobe alikuwa mvulana mkimya, mtoto wa mshonaji aliyeshona vifuniko vya kuzuia vumbi vya kompyuta zote za shule. Kila waya aliupuliza, akautazama, akaugeuza, akautazama tena. Injinia alimtungia wimbo, na darasa zima liliushika:

*Kobe huyo taratibu,*
*akifika ni ajabu!*

Asubuhi moja Injinia alikuwa amemaliza meza zote za upande wa mlango wakati mwenzake bado anahangaika na ya pili.

"Kobe, unaunganisha waya au unaubembeleza ulale?"

"Naunganisha."

"Basi kalete skrini ya mwisho huko stoo. Hizi za dirishani niachie mimi. Leo naunganisha nimefumba macho, uone kazi ya fundi."

"Mwalimu amesema tutazame," Kobe alisema.

"Mwalimu aliwaambia nyinyi. Mimi vidole vyangu vina macho."

Kobe akatikisa kichwa, akatoka. Injinia akafumba macho kweli, akapapasa tundu nyuma ya kasha la kompyuta ya dirishani, akaisukuma plagi. Ikakataa. Akasukuma kwa nguvu zaidi, kwa kiganja, na ndani ya kiganja hicho akahisi kitu kidogo kikisema *krak*, kama mchanga unaposagwa na jino ndani ya wali.

Alifumbua macho. Plagi alikuwa ameishika juu chini. Aliigeuza haraka, ikaingia, akakaza skrubu mpaka vidole vikauma. "Imeingia," alijiambia. "Si imeingia?"

Kipindi kilipoanza, skrini zote ziliwaka nyeupe isipokuwa moja. Ile ya dirishani iliwaka manjano, manjano tupu, kama kitambaa kilichomwagikiwa na mchuzi.

"Mwalimu, kompyuta ina homa ya manjano!" mmoja alipiga kelele.

"Ipelekeni hospitali!"

"Ipigwe sindano!"

Mwalimu hakucheka. Shule nzima ilikuwa na skrini chache, na kila moja ilitumiwa na watoto watatu. Alibonyeza vitufe vya skrini kimoja kimoja, manjano yakabaki pale pale. Akageuka. "Nani aliunganisha hii?"

Kutoka nyuma mtu akaanza kuimba kwa sauti ya chini, na wengine wakadakia, na wimbo wa Injinia ukapata mstari mpya pale pale:

*Kobe huyo taratibu,*
*skrini kaiharibu!*

"Nyamazeni!" Mwalimu akamtazama Injinia. "Wewe ulikuwa zamu. Ni kweli?"

Injinia alifungua kinywa. Ukweli ulikuwa pale, mfupi, maneno mawili tu: ni mimi. Lakini macho ya darasa zima yalikuwa yanamngoja Injinia, siyo msichana aliyesukuma waya akiwa amefumba macho.

"Mimi niliunganisha za upande wa mlango, Mwalimu," alisema.

Neno lile halikuwa uongo. Meza za mlangoni aliziunganisha yeye. Ndiyo maana lilimchoma zaidi: alikuwa amechukua kipande cha ukweli akakigeuza pazia.

Kobe alisimama. "Mwalimu, ile si mimi."

"Mlikuwa wawili. Kama si wewe, ni nani?"

Kobe alimgeukia Injinia, akamngoja. Hakumkazia macho wala hakumnyooshea kidole. Alimngoja tu, kama unavyomngoja mwenzako afunge kamba ya kiatu muendelee na safari. Injinia aliinamia kibodi, akawa anafuta vumbi lisilokuwepo. Kobe akaketi.

"Hutagusa kompyuta mpaka mzazi wako afike," Mwalimu alisema. "Na fundi tutamwita."

Toka siku ile Injinia hakuonja raha. Wenzake walimpigia makofi alipomaliza zamu peke yake. Makofi yakamwasha kama upupu. Nyumbani mama yake alimuuliza kwa nini anazungusha chakula kwenye sahani. "Sina njaa, mama." Usiku alifumba macho ili alale, lakini kufumba macho ndiko kulikomrudishia ile *krak*.

Kibaya kuliko vyote kilikuwa cha nyuma ya darasa. Vipindi vya kompyuta Kobe alikalishwa pale, na pale akatoa kipande cha boksi alichokichorea kibodi kwa kalamu, herufi zote mahali pake, hata kile kitufe kirefu cha nafasi. Wengine walipochapa, yeye naye alichapa juu ya boksi, taratibu, midomo ikimcheza. Injinia alijua kwamba kwao Kobe hakuna kompyuta, wala kwa jirani yao. Chumba hiki ndicho kilichokuwa mlango wake pekee, na aliyemfungia mlango huo alikuwa yeye.

Siku ya fundi kuja ilipofika, mlango ulifunguliwa na mwanamke mwenye mkoba wa zana begani. Injinia aliruka kwa mazoea kabla hajakumbuka kosa lake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu! Kumbe ni darasa lenu?" Shangazi akacheka, akamshika bega mbele ya watu wote. "Mwalimu, una fundi hapa na bado unanisumbua mimi?"

Shangazi alikuwa hajatoa hata bisibisi alipoingia mama yake Kobe, mshonaji, futi yake ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Kwapani alibeba furushi. Alipiga magoti nusu kumsalimia Mwalimu, akakaa kwenye ncha ya benchi kana kwamba benchi lenyewe litamdai.

"Nimeitikia wito, Mwalimu. Mwanangu ameniambia si yeye, nami sikuja kubishana. Lakini kitu cha shule kimeharibika mikononi mwa zamu yake, basi aibu ni yangu pia." Akafungua furushi. Vilikuwa vifuniko vipya vya kompyuta, vimeshonwa mara mbili pembeni. "Nimeleta hivi. Naomba tu asikatazwe kusoma."

Kobe alitazama sakafu. Injinia naye alitamani sakafu ipasuke immeze.

Shangazi alikuwa amechomoa waya. Aliumulika ndani ya plagi kwa tochi, akaguna. "Pini moja imelala chali. Hii ndiyo inayopeleka rangi ya buluu. Buluu ikikosekana, nyeupe inageuka manjano." Akaonyesha kila mtu. "Hii haikuharibiwa na mtoto mzito wala mzembe. Imesukumwa juu chini kwa nguvu, na mtu aliyejiamini kupita kiasi."

Kisha, bila kujua alichokuwa anafanya, akamvuta Injinia karibu. "Tazameni huyu. Nimemfundisha mwenyewe tangu mdogo. Huyu hawezi kufanya ujinga wa namna hii hata akiwa usingizini."

Sifa ile ndiyo iliyomvunja. Lawama angeivumilia, alikuwa ameizoea usiku na mchana. Lakini mkono wa shangazi ulikuwa umetulia begani mwake kwa fahari, na mbele yake mama wa watu alikuwa amekumbatia vifuniko alivyokesha akishona kwa kosa la mtoto wa mwingine.

"Ni mimi," alisema.

"Nini?" Shangazi aliuliza.

"Ni mimi, shangazi. Nilifumba macho makusudi, nijionyeshe. Ikakataa, nikaisukuma. Nilisikia ikivunjika. Kobe hakuwepo, nilimtuma stoo." Machozi yalimtoka, lakini aliendelea, kwa kuwa alijua akinyamaza hataanza tena. "Mwalimu aliponiuliza nilijibu kwa ujanja. Kobe alinitazama, nikainama. Mama, nisamehe. Umeshona bure."

 Mkono wa shangazi uliteremka polepole kutoka begani. Hakupandisha sauti, na Injinia alitamani angepandisha.

"Jina langu umelitumia kama mto wa kulalia," shangazi alisema. "Mimi nilikupa ufundi. Kiburi ulikitoa wapi?"

Injinia akamgeukia Kobe.

Kobe ndiye aliyesema. "Nilikungoja siku ile."

"Najua."

"Nilingoja sana."

"Najua, Kobe. Nilikuona." Na hiyo ndiyo sentensi iliyokuwa ngumu kuliko zote.

Mwalimu alivua miwani, akaifuta ingawa ilikuwa safi. "Nami nina langu," alisema. "Ulisema si wewe, nikaamini wimbo badala ya kukuamini wewe. Nisamehe, mwanangu."

Shangazi alitoa penseli ya kubonyeza kwenye mkoba, ile yenye ncha ya bomba jembamba, akaiondoa risasi ya kuandikia iliyokuwa ndani. Alimkabidhi Injinia. "Kaa. Ivishe pini kwenye tundu la ncha, uiinue kidogo kidogo. Ukiharakisha itakatika, na ikikatika waya huu ni wa kutupa. Wewe kijana, njoo ummulikie."

Kobe alishika tochi kwa mikono miwili. Injinia akaielekeza penseli. Alijaribu mara ya kwanza, ncha ikateleza. Ya pili, ikateleza tena.

"Pole pole," Kobe alinong'ona, na haikuwa dhihaka. "Iko kushoto kidogo. Ngoja niinue mwanga. Haya."

Pini ikaingia ndani ya ncha. Injinia aliiinua upana wa unywele mmoja, akapumua, akaiinua mwingine, mpaka pini ikasimama mstarini na wenzake. Kobe aliichukua plagi, akaitazama, akaigeuza, akaiingiza, akaikaza. Skrini ikapepesa, kisha ikawaka nyeupe kama shuka la hospitali.

Darasa lilitaka kushangilia. Mwalimu akainua mkono. "Bado. Injinia, ukweli huu tumeusikia sisi wachache tuliokuwa karibu na meza. Uongo ulikuwa wa darasa zima. Simama mbele." Naye akasimama, akarudia yote kwa sauti, tangu kufumba macho hadi kuinamia kibodi. Hakuna aliyecheka. Mwalimu akaamua zamu iwe ya Kobe kuongoza mpaka muhula uishe, na Injinia afanye kazi chini yake, abebe skrini na asiunganishe waya hata mmoja mpaka Kobe aseme yuko tayari.

Walipokuwa wanatoka, Injinia alimkimbilia mshonaji uani, akamshika mkono. "Mama, nifanye nini ili usinikasirikie?"

Mshonaji alisimama. Akaishika futi iliyokuwa shingoni mwake, akaizungusha kidoleni.

"Mwanangu, hata mimi hushona kombo. Mshono ukienda kombo, mshonaji mwoga huupiga pasi, ung'are, mteja asiuone. Akiivaa nguo siku ya kwanza, mshono unaachia mbele za watu. Mshonaji wa kweli huchukua wembe akaufumua, hata kama mteja amesimama mlangoni anamtazama. Inauma, inatia aibu, lakini nguo inapona. Leo umefumua. Kesho ushone upya, na ushone macho wazi."

Asubuhi iliyofuata Injinia alifika shuleni wa kwanza. Alibeba skrini moja baada ya nyingine, akaziweka mezani, akasimama pembeni mikono nyuma, akimngoja Kobe.