Pete Iliyozunguka Mnara

Pete ya uchumba ya Boitumelo ilitoweka saa saba mchana, kati ya nyama na kahawa, kwenye mkahawa wa juu ya mnara wa simu wa jiji la Jozi.

Inspekta Dineo Motaung alipotoka kwenye lifti alimkuta mhudumu, Thapelo, ameketi sakafuni na pingu mikononi.

"Yeye ndiye aliyeondoa sahani," alisema meneja.

"Mmempekua?"

"Hadi soksi."

"Mkapata?"

Meneja akatazama viatu vyake.

"Mama," Thapelo alisema, "nikifikishwa kituoni, hata nikiachiwa, kazi sina tena."

Dineo akamgeukia bibi harusi mtarajiwa. "Uliivua kwa nini?"

"Nilikuwa nanawa nile ugali. Nikaiacha kando ya sahani, tukaenda kupiga picha na mchumba wangu, Sello. Kurudi, haipo."

"Mezani alibaki nani?"

"Wajomba. Na dada yangu, Kelebogile."

"Wajomba walikuwa wanabishana mpira," Kelebogile alidakia. "Mhudumu akapita. Mpelekeni basi, tumechoka."

Meneja akataka kuzima mtambo. Sakafu ya pale huzunguka na meza zake, duara moja kwa saa; madirisha na ukingo wake wenye vyungu vya maua havisogei. Mama yake Dineo alipiga deki pale miaka ishirini. Kila wiki mgeni aliweka mkoba ukingoni mwa dirisha, kisha akapiga kelele za mwizi, kumbe meza ndiyo iliyomhamisha.

"Usizime," alisema Dineo. "Tuleteeni chai."

Wakanywa. Wajomba wakanung'unika. Jiji lote lilipita dirishani na kila mtu akalitazama, isipokuwa Kelebogile. Yeye alitazama vyungu. Kilipokaribia chungu chenye mdomo uliovunjika, alisogeza kiti na kunyoosha mkono.

Dineo akawahi. Akachimba udongo kwa kidole, pete ikatoka.

"Ulidhani chungu kitakungoja?"

Kelebogile akarudisha mkono. "Sikujua kama kitaniacha. Niligeuka mara moja tu, hakipo."

"Dada, kwa nini?" Boitumelo aliuliza.

"Sello alianza kuja nyumbani kwa ajili yangu. Mwaka mzima. Wajomba zake walipokuja kuzungumza mahari, nilipika mimi, tangu alfajiri, nikijua wamenijia mimi mkubwa. Nikiwa jikoni nikasikia wanataja jina lako. Nikawapakulia hivyo hivyo. Nina wivu, Boitumelo. Nakuonea wivu hata unapocheka."

Sello aliinamisha kichwa. Hakubisha.

Dineo alimfungua Thapelo, akazichukua pingu, akamgeukia Kelebogile. "Uliiba ili uiuze?"

"Nilitaka niivae mara moja tu."

"Uliivaa?"

Kelebogile alitazama mikono yake, vidole vilivyovimba kwa miaka ya kufulia wadogo zake.

"Haikupita kifundo cha kidole," alisema, akanyoosha mikono ile ifungwe.