Kiendeshi cha Dokta Mbaruku

Kinasanafsi kilikuwa kimemkaa Bi Tumu kichwani kama kilemba, kikivuta sauti yake, vicheko vyake, hata namna yake ya kununa, na kupeleka kila kitu kwenye diski za Ghala la Sauti. Tanga ya wakati huo ilikuwa na desturi yake: siku ya arobaini, dua ikishasomwa, wafiwa hukaa mkekani wakazungumza na marehemu wao, naye akawajibu. Basi mgonjwa anaponaswa hapana mchezo. Hanaswi mara ya pili, maana kazi hiyo humla nguvu zote zilizobaki.

Ghafla taa nyekundu ikawaka. Kosa la kuandika. Mume wa mgonjwa, Dokta Mbaruku, ambaye ndiye mkuu wa Ghala, akaamuru fundi Sikudhani aitwe upesi.

Sikudhani alikuja kwa mwendo wake. Alikuwa amemvizia mtu huyu kwa miaka. Mamake mwenyewe alinaswa humu humu, enzi za kiendeshi cha zamani alichokitunga Mbaruku. Kiendeshi ni programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kidhibiti, na kidhibiti ndicho kinachoandika kwenye diski. Kile cha Mbaruku kilisifiwa kwa mbio zake, kumbe uongo mtupu! Kilisema “imeandikwa” wakati data bado inaelea kwenye kumbukumbu ya muda. Kidhibiti kikilemewa, data yote inapotea, wala taa haiwaki. Arobaini ya mamake, mkeka ulijaa watu na spika ikakaa kimya. Mbaruku akasimama mbele ya wafiwa akasema binti ndiye aliyegusa asipopaswa kugusa. Tangu hapo shangazi zake humwita aliyemfuta mamake. Lilimkaa rohoni, na halikupoa.

Sasa akabadilisha waya, kosa likabaki. Akaijaribu diski kwenye mashine nyingine. Ikaandika bila shida. Basi ugonjwa ulikuwa kwenye kiendeshi kipya, kilichokuwa kikikisukuma kidhibiti kuliko kinavyoweza. Dawa aliijua: kupunguza kasi tu, basi. Alikuwa ameshafungua mdomo kusema hivyo Mbaruku alipomkatiza.

“Rudisha kiendeshi changu. Changu hakikuwahi kulalamika.”

Sikudhani akafunga mdomo. Furaha ilimpanda, furaha mbaya, na wala hakuionea haya. Akamjibu kwamba atakavyo ndivyo itakavyokuwa, ila aidhinishe kwa kidole chake mwenyewe. Mbaruku akabonyeza. Taa ikageuka kijani.

Bi Tumu akafumbua macho. Hakumtazama mumewe, wala binti yake Saumu aliyemshika mkono. Alimtazama fundi.

“Imeingia yote, mwanangu?”

“Yote, mama,” Sikudhani akasema.

Arobaini ilipofika alivaa leso yake nzuri, akaenda kuketi katikati ya wanawake. Spika ikakwaruza kidogo, kisha ikanyamaza. Mbaruku akajaribu tena na tena, jasho likimtoka, hatimaye akaanza kusema mafundi wa siku hizi si wa kuaminika. Alikuwa hajamaliza Sikudhani aliposimama. Akayamwaga yote hadharani: kiendeshi na uongo wake, kidole kilichoidhinisha, mamake aliyepotea na jina baya alilobebeshwa yeye. Mbaruku akakaa chini kwa kishindo. Watu wote wakamgeukia. Lo, kifua cha Sikudhani kilipata hewa siku hiyo.

Saumu ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya chini, macho yamemvimba kwa kulia. “Kwa hiyo siku ile ulijua, dada?”

Sikudhani akamwambia kwamba baba yake ndiye aliyeamuru, na watu waliokuwamo chumbani walisikia.

“Mama hakumuuliza baba,” Saumu akasema. “Alikuuliza wewe.”

Mkeka mzima ulikuwa sasa ukimtazama yeye. Sikudhani alitafuta pa kuweka macho, asipaone.