Mwenyeji Asiyeagwa

Ijumaa yenyewe ilianza vizuri tu. Nilikuwa jikoni nakaanga vitunguu vya pilau, huku nagombana na Doris kwa sababu kaacha masufuria yake machafu kwenye sinki tangu jana. Doris ni Mtanzania, mhudumu wa mkahawa, tulikuwa tukikaa chumba kimoja pale Discovery Gardens, Dubai. Mtu mzuri, ila vyombo haoshi. Mwaka ulikuwa 2016, mwezi wa nane unaelekea ukingoni. Mlango ukagongwa, nikafungua, nikamkuta Swafiya na sanduku lake, katoka uwanja wa ndege.

Swafiya ni mtoto wa mama yangu mdogo. Alikuwa yaya kwa Wamarekani fulani wa Dubai Marina, sir na madam, na kiangazi hicho walikwenda naye kwao kwa sir, mji mdogo wa kale katika jimbo la Illinois, kando ya mto. Sasa madam kampa likizo, na tiketi ya nyumbani anayo tayari: aende kwetu Mambrui akale Idd ya kuchinja na mamake. Mama mdogo haoni. Macho yalimfifia pole pole mpaka yakazima kabisa, naye anaishi peke yake, majirani wakimpitia. Swafiya alikuwa amemwahidi kumpeleka hospitali Mombasa akatibiwe macho. Hilo ndilo lililomfanya aivumilie Dubai miaka yote ile.

Akaingia, nikafunga mlango. Ukafunguka tena wenyewe, taratibu, ukakaa wazi kiasi cha mtu kupita, kisha ukajifunga.

"Upepo," nikasema.

"Da Mastula," akaninong'oneza, "humu ndani upepo unatoka wapi?"

Nikajua huyu kuna kitu kakifanya. Watu husema heshima si utumwa. Kwa Swafiya heshima ni utumwa, na minyororo kajifunga mwenyewe. Huyu akikanyagwa guu, yeye ndiye anayeomba radhi. Nilizima jiko nikamkalisha kitandani, nikamwambia haya, sema.

Huo mji, anasema, ni mzuri. Una mtaa mmoja mkubwa wa matofali mekundu, na duka la peremende zinazopikwa kwenye sufuria ya shaba mbele ya macho yako. Kuna mhunzi anayefua chuma ili watu wampige picha, na jela ya zamani ambayo unafungiwa kidogo ucheke, utolewe. Kuna treni ya makaa ya mawe inayokuzungusha ikakurudisha pale pale. Na watu wanatoka mbali kuja kuyaona hayo. Mimi nilikasirika kusikia tu. Sisi Mambrui tuna kaburi la mnara lililokuwapo kabla ya huo mji wao kuzaliwa, mbuzi wanajikuna pale kutwa, na hakuna aliyewahi kuja na treni.

Juu ya kilima kuna nyumba ya daktari mmoja wa zamani, imehifadhiwa vile vile alivyoiacha: kitanda kimetandikwa, sahani ziko mezani, miwani iko juu ya kitabu. Wageni huingia kwa makundi wakiongozwa na mwanamke aliyevaa kofia ya kale. Swafiya alikwenda kunawa mikono, akarudi akakuta kina madam wameshaingia na mlango umerudishwa nusu. Mtu mwingine yeyote duniani angeusukuma akapita. Ni makumbusho! Umeshakatiwa tiketi! Lakini huyu wetu kalelewa na mama mdogo. Alisimama kizingitini akapiga hodi.

Kimya. Akapiga ya pili. Kimya. Akapiga ya tatu, na ya tatu usipojibiwa unaondoka, ndiyo ada. Alikuwa anageuka.

"Karibu," sauti ikamjibu kutoka ndani.

Kwa Kiswahili. Huko Illinois.

"Na wewe hukushtuka?" nikamuuliza.

Akasema alifurahi. Alikuwa hajasikia neno la kwao tangu afike Marekani. Alidhani ni mama wa pwani aliyeajiriwa humo. Ilikuwa sauti ya mtu mzima, ikitoka nyuma ya mlango wa jikoni. Ikamuuliza habari za safari. Ikamuuliza za nyumbani. Ikamwambia akae, naye akakaa, kwenye kiti kilichozungushiwa kamba, maana kukataa kiti ulichokaribishwa ni kumdharau mwenyeji. Wakazungumza mpaka yule mwanamke wa kofia akatokea, akapiga ukelele kuona mtu juu ya kiti cha daktari. Swafiya akamweleza kwamba amekaribishwa na mama aliyeko jikoni. Mwanamke akaufungua ule mlango kwa hasira, amwonyeshe.

Nyuma ya mlango palikuwa na ukuta. Jiko lilikuwa limebomolewa zamani za mababu.

Swafiya alitoka mbio. Hakuaga.

Siku zilizofuata nilichoka, wallahi nilichoka. Tukienda dukani, milango ya vioo inamfungukia Swafiya, inajifunga, halafu inafunguka tena na hakuna mtu. Tukikaa kwenye mgahawa, Mhindi anatuletea chai tatu, nikimgombeza anatazama kiti kitupu, anasema kitu kwa lugha yake na kuondoka haraka. Mlinzi wa jengo, kijana mpole wa Kinepali, akanisimamisha mchana kweupe, akaniambia dada, sheria ni sheria, watu wa ziada hapana. Mwambieni yule mama wa gauni refu asikae ngazini. Mimi nimekwenda Dubai kutafuta riziki, naambiwa nina mpangaji wa ziada kutoka Illinois!

Nikampigia madam mwenyewe. Akaniambia ni uchovu wa safari, Swafiya alale, anywe maji. Maji! Nikasoma nilivyojua kusoma, nikafukiza udi mpaka king'ora cha moto kikalia. Doris naye akaomba kwa dini yake. Angekuwa jini mbaya angekimbia. Huyu hakuwa na ubaya wowote, alikuwa na adabu tu, na mtu mwenye adabu utamfukuza vipi? Angekuwa mgeni, ningesema siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu si mgeni. Methali ya kumtimua mwenyeji sisi hatunayo.

Mwisho nikamburura Swafiya hadi Deira kwa Badawi, mtu wa Lamu anayeuza manukato na anayejua mambo kama haya. Akatuweka tusubiri, akahudumia wateja, akajibu simu, akanywa kahawa, mimi roho inanichemka. Alipotugeukia aliuliza neno moja.

"Ulimuaga?"

"La," akasema Swafiya.

"Basi anakusindikiza. Mwenyeji akikusindikiza, wewe ndiye wa kumwambia panatosha, rudi. Usipomwambia atakufikisha mpaka mlangoni kwenu."

Swafiya akajiinamia akalia palepale, katikati ya chupa za manukato. Mlangoni kwao kuna nani? Mwanamke asiyeona, peke yake. "Nitakufa hapa hapa Dubai," akasema. "Simpelekei mama kitu hiki. Simpelekei." Tulikuwa tumemficha mama mdogo habari yote kwa sababu ana presha, na tiketi ilikuwa ya kesho yake.

Hatukungoja. Baada ya sala ya alasiri tukashuka, mimi naye, mpaka pale njia mbili za waenda kwa miguu zinapokutana, nyuma ya jengo letu. Jua kali. Watu hakuna. Mlango wa jengo ukafunguka nyuma yetu, ukajifunga.

Swafiya akageuka.

"Hapa panatosha, mama," akasema. "Ahsante kwa wema wako. Rudi nyumbani."

Majani ya mtende yaliyokuwa yakitikisika yakasimama. Nikahisi kitu kimetua, kama mtu ameweka mzigo chini. Nikashusha pumzi. Khalas, imekwisha.

Na Swafiya, Mungu amsamehe, akamalizia kama tunavyomalizia sote tukiagana na mtu, tangu tungali watoto, bila kufikiri.

"Karibu na kwetu."

Nilimziba mdomo. Nilichelewa.

"Ahsante," ikajibu sauti, karibu sana na sikio langu. "Nitafika."

Tulibaki pale tumeshikana kwenye jua. Halafu hakuna kitu. Tukarudi, mlango ukafunguka mara moja tu. Chai zikaja mbili. Mlinzi akanishukuru kwa kumwondoa yule mama. Nilimtukana Swafiya jioni nzima, matusi ya mapenzi na ya hasira pamoja, naye anacheka na kulia. Tukasema pengine "kwetu" ni hapa Discovery Gardens, na hapa hayupo. Hata Doris aliosha vyombo kwa furaha.

Asubuhi Swafiya anafunga sanduku, simu ikalia. Mama mdogo.

"Mgeni wako amefika," akasema. "Mbona hukuniambia, mwanangu? Kapiga hodi hapa, sina hata kitafunio. Mstaarabu! Anasema mlikuwa pamoja Marekani."

"Mama," Swafiya akasema. "Mama, mwambie aondoke."

"Astaghfirullah! Mgeni anafukuzwa? Mimi nimekulea hivyo?"

"Mama, nakuomba."

"Anakunywa kahawa, na mwenyewe hataki kukaa sana. Nitakupigia akiondoka."

Hakupiga. Tulipiga sisi, tukapiga, tukapiga, simu ikaita bila kupokewa. Tukampigia Sharifu, jirani yake, aende mbio. Akakuta mlango wazi na nyumba tupu. Mezani kuna vikombe viwili vya kahawa, kimoja kimenywewa. Cha pili kimejaa, na kahawa yake imeganda barafu. Mama mdogo hajawahi kuwa na friji.

Swafiya alifika kesho yake. Walitafuta mashambani, ufukweni, visimani. Polisi walikuja wakaandika, wakaenda zao. Nami huku Dubai nilikuwa nimeshika simu, sina la kufanya, naumwa na hasira. Baadaye akatokea muuza maji mmoja, akasema alimwona bibi yule asiyeona kwenye njia ya kutoka mjini, adhuhuri ya siku ile, bila fimbo, anatembea vizuri kama anayeongozwa. Mkono wake mmoja kaunyosha pembeni. Anazungumza na kucheka. Muuza maji akamuuliza, bibi, wapi na jua hili?

"Namsindikiza mgeni wa mwanangu," akajibu. "Kidogo tu. Akiniambia panatosha, narudi."

Miaka imepita, Swafiya hajarudi Dubai. Anakaa nyumba ile ile, mlango hafungi mchana wala usiku. Mwaka jana, nami nimesharudi Kenya, nilikwenda kumsihi aje tukae pamoja Mombasa, tukagombana mpaka nikapoteza sauti. Hataki. Akanishika mkono akanionyesha kile kikombe, bado kiko mezani, mahali palepale. Nikakigusa kwa kidole. Joto la Mambrui unalijua wewe. Barafu haijayeyuka.