Maji Yaliyomshinda Mchumba Wangu

Nina miaka ishirini na saba, ni mzaliwa wa kijiji kimoja cha Ikungi mkoani Singida, na sijaolewa. Hilo la mwisho ndilo ninalosimangwa nalo kila nikipita sokoni. Basi leo nasema mwenyewe kwa nini, tena bila kuinamisha kichwa!

Nilisomea uhandisi wa ujenzi. Wasichana tulikuwa wachache mno darasani, na huko ndiko nilikokutana na Amosi, kijana wa Kiomboi, mtanashati, mwenye maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Nilimpenda, wasomaji. Nilimpenda kweli.

Masomo yalimtoa jasho. Somo la udongo nilimfundisha mimi. Mihimili na nguzo, mimi. Hesabu za maji kwenye mabomba, mimi! Upimaji wa ardhi aliupenda, maana alipata kupigwa picha kando ya mashine. Lakini somo la vifaa vya ujenzi alilidharau kabisa, akisema saruji na mchanga hata bibi yake anavijua. Siku ya jaribio la maji ya kuchanganyia zege hakutokea maabara, nikamwandikia ripoti yake. Mapenzi bwana!

Mwalimu wetu wa somo hilo alikuwa na kanuni moja aliyoirudia mpaka tukawa tunamtania nayo: maji usiyoweza kuyanywa, usilinyweshe zege. Maji ya chumvi huzila nondo ndani kwa ndani. Nje nguzo inapendeza, ndani kutu inafanya kazi yake, mpaka siku zege linapasuka na kumwangukia mtu. Kwetu Singida, penye maziwa ya chumvi, hilo si jambo la kujibia mtihani tu.

Tulipohitimu, Amosi alileta posa. Ng'ombe wa mahari wakatoka Kiomboi hadi zizini kwa baba, na hawakukaa. Baba aliwapeleka kwa wakwe wa kaka yangu mkubwa, Yohana, naye akaoa. Ndivyo ilivyo kwetu, kaka huoa kwa mahari ya dada. Nilifurahi sana siku ile, na wifi yangu tukapatana kama tumezaliwa tumbo moja.

Kisha Amosi akapata kazi ya kusimamia ujenzi wa wodi ya wazazi, hapo hapo kijijini kwetu! Wananchi walisomba mawe na mchanga wenyewe. Mama zetu walikuwa wamechoka kujifungulia njiani, wakikimbizwa mjini kwa pikipiki. Mimi wakati huo nilikuwa Dodoma kwenye kazi ya muda ya barabara.

Nilirudi kiangazi kujiandaa na harusi. Njiani nikakutana na Mama Neema, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Nikamwamkia, akaniitikia kwa furaha, akanishukuru kwa kuwapimia maji ya ujenzi... Maji gani? Kumbe Amosi aliwahakikishia kuwa aliniletea maji yake Dodoma, nami, binti yao, nimeyapima na kuyapitisha. Jamani! Sikuwa nimepima hata tone!

Nilikwenda moja kwa moja. Boza la maji lilikuwa kando ya nguzo zilizokwisha kumwagwa zege. Nikafungua bomba, nikaonja. Chumvi tupu! Kisima cha kijiji kilikuwa kimepungua, na badala ya kufuata maji matamu mbali, bwana yule alikuwa anachota ziwani.

Nilimwita pembeni. Nilidhani hajui, kwa kuwa ripoti ile niliiandika mimi... Alijua vizuri! Alicheka, akaniambia kutu haiji leo wala kesho, na ikija, mimi na yeye tutakuwa tumehamia Dar, tunalea watoto wetu. Nilimsihi avunje zile nguzo. Akasema nikifungua mdomo hakuna harusi, na ng'ombe warudi Kiomboi. Alijua fika kwamba hawapo!

Nilimweleza mama. Akahamia Kinyaturu, na mama akihamia Kinyaturu ujue mambo yameiva. Alitaka nifumbe macho, niolewe kwanza. Kaka Yohana alinishika mkono, akanikumbusha kuwa mkewe ana mimba changa, nisimvunjie nyumba yake. Lakini si ndiye huyo mkewe ambaye angelazwa chini ya zege lile?

Siku ya mkutano wa kijiji, uliofanyika pale pale kwenye ujenzi, nilisimama. Nikasema sikuyapima maji yale na siyapitishi. Amosi akacheka mbele ya watu, akasema harusi imenichanganya, maji ni maji tu.

Nikaenda kwenye boza, nikajaza kikombe, nikampelekea kwa mikono miwili.

"Kunywa, Amosi. Ukimaliza kikombe hiki, nakufuata Kiomboi kesho."

Alikipokea. Akapiga funda moja... akatema palepale!

Mama Neema akasimamisha ujenzi. Injinia wa wilaya alikuja, nguzo zikavunjwa mpaka chini, na Amosi akaondolewa.

Nami nikaonja chumvi yangu. Wajumbe walitoka Kiomboi kudai ng'ombe wao. Wa baba hawakutosha, ikabidi kaka atoe maksai wake wa kulimia. Mwaka ule alilima alizeti kwa jembe la mkono. Kila asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo, kaka." Hakuitikia. Wengine wakasema digrii imenipanda kichwani, nitazeekea kwa baba. Nililia sana, sifichi. Lakini kujuta? Thubutu!

Wodi ilijengwa upya kwa maji matamu, na kamati ikaniomba nisimamie zege. Kila boza lililoingia niliyaonja maji yake mwenyewe, watu wakiona. Wifi yangu alijifungulia mle, mtoto wa kike, mzima wa afya.

Dada zangu mnaosoma, nawaomba. Usimfanyie mtu mitihani yake kwa jina la mapenzi. Aliyezoea kubebwa mgongoni kwako darasani hatashuka ukishamaliza shule. Na jina lako likitumika kufunika uongo, sema mapema, sema mbele za watu, hata kama ndoa inaondoka nalo neno hilo.

Kaka hajaniitikia mpaka leo. Kaka Yohana, najua wifi atakusomea hapa. Mwanao alizaliwa chini ya zege ambalo maji yake niliyaonja kwa ulimi wangu. Shikamoo. Na kesho asubuhi nitapita tena kukuamkia.